“Sina Maziba”: Neno kwa Mama wa Mutoto wa Kwanza

Ilikuwa saa tatu ya usiku na umeme ulikuwa umekatika katika mutaa wote. Kijana mumoja wa kanisa letu hapa Kolwezi alipiga hodi kwenye mulango wetu. Yeye anachimba udongo wa shaba pamoja na wenzake, hana mushahara wa mwezi. Anakula kile alichopata siku ile. Alisimama pale na torchi mukononi, akasema:

— Pasta, unisamehe juu ya saa hii. Naomba unikopeshe makuta ya kununua kopo moja ya maziba ya unga.

— Ya nani?

— Ya mutoto. Iko na siku ine tu. Mama yake hana maziba. Mutoto anakamata ziba, anaachilia, analia. Tangu juzi hatulale.

Mimi nilianza kutafuta katika mufuko. Lakini bibi yangu alikuwa amesikia maneno yote toka chumbani. Alitoka na kikwembe begani, akaniambia: “Baba, ngoja kwanza na ile makuta. Twende tuone.”

Tulikuta dada yule ameketi kwenye kitanda, macho mekundu kwa kulia. Matiti yake yalikuwa yamejaa mpaka ngozi inang'aa, magumu sawa jiwe. Juu ya meza palikuwa biberoni yenye maji ya sukari. Mama mukwe alikuwa amemubeba mutoto na kumutikisa-tikisa bila kunyamaza.

Mupendwa musomaji, maziwa yalikuwako. Yalikuwako tele. Mutoto alikuwa na njaa mbele ya chakula kingi, kwa sababu hakuna mutu aliyemuonyesha mama yake namna ya kumupa. Ndiyo sababu ninaandika maneno haya.

KOSA LANGU MIMI

Labda utashangaa kuona muchungaji, tena mwanamume, anaandika juu ya maziwa ya mama. Zamani ningeona haya. Lakini nina deni, na inafaa nililipe kwa kusema kweli.

Katika mwaka 2006 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya Biblia, na Mungu akatupa mutoto wetu wa kwanza. Bibi yangu alikuwa kijana, na mama yake alikuwa mbali, upande wa Kamina. Siku ya pili chuchu zake zilianza kuwa na vidonda. Siku ya tatu alinililia akisema: “Sina maziba.” Mimi sikuuliza mutu. Nilitaka kuonyesha kwamba mimi ni mwanamume anayejua kuangalia nyumba yake. Niliuza baiskeli yangu, nikanunua maziwa ya kopo na biberoni. Nilijivuna sana. Wanafunzi wenzangu waliniita “Tata wa kisasa”.

Kopo la kwanza liliisha mbele sijapata makuta ya kopo la pili. Basi tukaanza kupunguza unga na kuongeza maji, na maji yale yalitoka katika kisima cha nyuma ya nyumba. Makala nayo ilikuwa ghali. Mara ingine tuliyachemsha, mara ingine hapana. Katika juma la tano mutoto alianza kuhara. Siku mbili tu, na macho yake yaliingia ndani, na kilio chake kikawa kidogo sawa kilio cha paka.

Tulilala hospitali siku sita. Katika chumba kile palikuwa vitanda vingine, na si wazazi wote waliorudi nyumbani na mutoto wao. Mutoto wetu, Mungu alimuhurumia. Leo ni kijana murefu kunipita. Lakini sijasahau muuguzi mumoja mwanamuke, muzee wa miaka mingi katika kazi, aliyeniuliza kwa sauti ya chini: “Pasta, nani alikuambia kama maziba ya bibi yako ilikwisha?” Sikuwa na jibu. Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mimi mwenyewe.

Mama yule alimurudisha mutoto kwenye titi, kidogo kidogo, mara nyingi muchana na usiku. Kisha majuma karibu matatu maziwa yalirudi. Ndiyo, yanaweza kurudi! Wengi hawajui neno hilo.

Tangu pale, katika kazi yangu ya uchungaji, nimesimama mara nyingi mbele ya kaburi dogo. Kila mara, kisha kuomba na familia, ninajiuliza: je, tulifundisha? Ao tulingoja tu kuzika?

HAKUNA MAMA ANAYEZALIWA AKIJUA

Watu wanasema: “Kunyonyesha ni kitu cha asili, kinajifundisha chenyewe.” Si kweli kabisa. Mwili wa mama unatengeneza maziwa bila kufundishwa, lakini mikono yake inapaswa kujifunza. Mutoto naye anajifunza. Ni wanafunzi wawili wanaoanza shule siku moja.

Kijijini, binti alijifunza mbele hajaolewa. Aliona mama yake, mama wadogo na dada zake wakinyonyesha kila siku. Siku aliyozaa, bibi wazee walikaa naye ndani ya nyumba. Lakini sisi tunaishi katika miji ya migodi. Toka wakati wa Union Minière, iliyoanza katika 1906, watu waliletwa katika kambi zetu kutoka mbali: Lomami, Kasai, Rwanda, Burundi, na inchi inayoitwa leo Zambia. Na leo vijana wanafuata shaba na kobalti kutoka kila upande. Nyumba moja hapa, nkambo yuko kilometa mia tano. Binti anazaa, anatoka maternite kesho yake, na anafunga mulango peke yake na mutoto anayelia. Katika simu yake anaona picha za biberoni nzuri. Mutu wa kumushika mukono haonekani.

Basi, wewe mama kijana, usijihukumu. Kama jambo hili ni gumu kwako, hiyo si alama kwamba wewe ni mama mubaya. Ni alama kwamba hujaonyeshwa bado.

MAZIWA YA MANJANO SI MACHAFU

Kwanza kabisa, mutoto awekwe juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, mara tu anapozaliwa, na aanze kunyonya katika saa moja ya kwanza. Kama amezaliwa vizuri, kuoga kunaweza kungoja. Joto la mama linamutosha.

Siku zile za kwanza yanatoka maziwa machache, mazito, ya rangi ya manjano. Katika familia nyingi wazee wanasema: “Ile ni usaha, umwange.” Hapana, wazazi wetu, kwa heshima yote: hapo mulikosea. Maziwa yale yana nguvu nyingi za kukinga magonjwa. Ni kama chanjo ya kwanza ambayo Mungu ametia ndani ya mama. Tena yanasaidia tumbo la mutoto kutoa ule mavi mweusi wa kwanza.

“Lakini ni machache sana!” Ni kweli, na yanatosha. Tumbo la mutoto wa siku moja linapokea karibu kijiko kimoja kidogo cha chai kwa mara moja. Mungu hakukosa hesabu. Maziwa mengi yanakuja katika siku ya pili, ya tatu ao ya ine. Kwa mama wa mutoto wa kwanza yanaweza kukawia kidogo. Siku hizi za kungoja ndizo siku ambazo mama wengi wanakata tamaa na kutuma bwana kununua kopo. Usitume! Endelea kumuweka mutoto kwenye titi.

Na maji? Hapana maji, hapana maji ya sukari, hapana dawa ya miti, hapana uji, mpaka miezi sita itimie. Hata wakati wa joto la mwezi wa kumi. Ndani ya maziwa ya mama mna maji ya kutosha. Ukimupa maji, unajaza tumbo lake na kitu kisichojenga mwili, na unafungulia kuhara mulango. Kitu kimoja tu kinaruhusiwa juu ya maziwa: dawa ambayo munganga ameandika.

NAMNA YA KUMUKAMATISHA TITI

Sasa nitasema yale bibi yangu alimuonyesha dada yule usiku ule. Wewe mama, soma pole pole, na kama unaweza, mutu akusomee wakati mutoto yuko mukononi.

Kwanza, keti vizuri. Mugongo uegemee ukuta ao kiti, na mukono unaomubeba mutoto uwekwe juu ya kikwembe kilichokunjwa. Mama aliyeinama anachoka mbele mutoto hajashiba.

Pili, mugeuze mutoto mwili muzima kukuelekea, tumbo lake juu ya tumbo lako. Sikio, bega na kiuno viwe katika mustari mumoja. Jaribu wewe mwenyewe kumeza maji huku umegeuza shingo kando! Utaona shida yake.

Tatu, mulete mutoto kwenye titi. Usipeleke titi kwa mutoto. Pua yake iwe mbele ya chuchu. Gusa mudomo wake wa juu kwa chuchu, kisha ngoja. Ngoja mpaka afungue kinywa kipana, sawa mutu anayepiga miayo. Hapo, upesi, mukaribishe.

Ine, asikamate chuchu peke yake. Hapa ndipo kosa kubwa la mama wengi. Kinywa kinapaswa kujaa na sehemu ile nyeusi inayozunguka chuchu, zaidi upande wa chini. Kidevu chake kiguse titi, mudomo wa chini ugeuke kwa inje, mashavu yawe ya mviringo. Utaona anavuta upesi-upesi mara chache, kisha pole pole, na utasikia anameza.

Ukisikia maumivu makali yanayoendelea, amekamata vibaya. Usivumilie eti ni ushujaa. Tia kidole chako kisafi kwenye pembe ya kinywa chake, atoe hewa na kuachilia, kisha anza tena. Mara tano, mara kumi, si neno. Ni shule.

Dada yule alirudia mara saba. Kwa sababu titi lilikuwa gumu, mutoto hakuweza kulishika. Basi bibi yangu alilowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, akaliweka juu yake, akamufundisha kukamua kidogo kwa mukono mpaka sehemu nyeusi ikawa laini. Mara ya saba tulisikia kimya. Kisha tukasikia sauti ya kumeza. Mama mukwe alikaa chini akasema: “Aa! Kumbe iko.”

TITI NI KISIMA, SI PIPA

Wengi wanafikiri titi ni pipa: ukiacha, linajaa, ukitoa, linaisha. Si vile. Titi ni kama kisima kinachochotwa. Kadiri mutoto ananyonya, ndivyo mwili unapata habari ya kutengeneza mengine. Ukimupa biberoni, hatanyonya. Asiponyonya, mwili unasema, “Kumbe hawana lazima,” na unapunguza. Kisha mama anasema: “Mumeona? Nilisema sina.” Biberoni ndiyo iliyoleta ukosefu ule.

Kwa hiyo munyonyeshe mara nyingi anavyotaka, mara 8 mpaka 12 katika muchana na usiku. Usingoje alie, kilio ni alama ya mwisho. Mbele ya kulia anageuza kichwa akitafuta, analamba midomo, anapeleka mikono kinywani. Na usiku usiruke, kwa maana usiku mwili unatengeneza maziwa vizuri zaidi. Mwache amalize titi moja mwenyewe, kisha umupe la pili.

Ukubwa wa titi si neno. Mama mwenye matiti madogo anaweza kunyonyesha hata mapacha. Mutoto kulia saa za magaribi, ao kutaka titi kila mara kwa siku mbili tatu, si alama kwamba maziwa yamekwisha. Mara nyingi anaita mengine kwa sababu anakomaa.

Basi utajuaje kama anashiba? Tazama mukojo. Toka siku ya tano ao ya sita, alowanishe nguo mara sita ao zaidi kwa siku, na mukojo uwe mweupe, usiokuwa na harufu kali. Mavi yake yanatoka meusi, yanakuwa ya kijani, kisha ya manjano. Na kilo: ni kawaida mutoto apunguke kidogo siku za kwanza, lakini kwa juma la pili arudie kilo aliyozaliwa nayo. Kwa hiyo mupeleke kupima kilo. Mizani haijui hofu ya mama wala masengenyo ya jirani.

TAABU ZINAZOKUJA NA DAWA YAKE

Vidonda vya chuchu: rekebisha namna ya kukamata, ndiyo dawa ya kwanza. Kisha kunyonyesha pakaa matone ya maziwa yako mwenyewe, uache yakauke kwa hewa. Usisugue kwa sabuni.

Matiti kuvimba na kuuma: usiache kunyonyesha. Nyonyesha zaidi, kamua kidogo mbele ya kuanza, na kisha uweke kitambaa cha maji baridi. Kama pahali pamoja panakuwa pekundu na moto, na wewe una homa na kutetemeka, nenda kituo cha afya siku ile ile. Huku ukipata dawa, endelea kunyonyesha. Maziwa yale hayamudhuru mutoto.

Malaria ya mama: mama mwenye malaria anaweza kunyonyesha. Mwambie tu munganga, “Mimi ninanyonyesha,” ili achague dawa inayofaa.

Mama mwenye virusi vya ukimwi: dada yangu, usikimbie wala usijifiche. Leo, mama anayekunywa dawa zake kila siku kama alivyoagizwa anaweza kunyonyesha, na mutoto wake anapewa dawa ya kumukinga. Jambo la hatari ni kuacha dawa, na kunyonyesha kwa siri bila kufuatwa na wauguzi. Fuata mashauri ya kituo chako. Na sisi kanisa, tufunge vinywa vyetu vya kusengenya, kwa maana mama wengine wanaacha dawa kwa sababu ya kuogopa macho yetu.

Lakini kuna alama ambazo hazingoje mashauri ya mutu yeyote, hata ya muchungaji. Mutoto muchanga anayekataa kabisa kunyonya, ao analala na haamuki kwa kula, ao ana homa, ao mwili wake ni baridi, ao anapumua mbio na mbavu zinaingia ndani, ao anashtuka kwa degedege, ao viganja na nyayo vimekuwa vya manjano, ao kitovu kinatoa usaha, ao hakojoi: mupelekeni hospitali sasa hivi. Tutaomba njiani.

KOPO NA BEI YAKE

Sisemi kwamba maziwa ya kopo ni zambi. Kuna mama aliyekufa, kuna mama aliye mugonjwa sana. Hapo munganga ataonyesha cha kufanya, na afazali kikombe kisafi kuliko biberoni, kwa kuwa kikombe kinasafishwa kirahisi. Lakini kopo bila sababu ni muzigo muzito. Hesabu pamoja nami: kopo, kisha kopo, miezi sita, maji safi, makala ya kuchemsha mara nyingi kwa siku, na siku za hospitali. Baba anayechimba hawezi. Ataanza kuongeza maji, kama mimi nilivyofanya.

Katika 1981 mukutano wa Shirika la Afya la Dunia ulikubali kanuni zinazokataza kutangaza maziwa ya kopo kwa wazazi na kuwapa mama makopo ya bure ya kujaribu. Musomaji, kama wakubwa wa dunia waliona lazima kuweka kanuni, ujue kwamba tangazo lile zuri lina neno nyuma yake.

Tena kuna faida ingine kwa wewe uliyeolewa. Mama anayenyonyesha maziwa peke yake, muchana na usiku, na damu ya mwezi haijarudi, na mutoto hajafikisha miezi sita, si rahisi achukue mimba: chini ya mama wawili katika mia. Lakini masharti yote matatu yawepo. Moja likikosekana, kimbilieni mashauri ya wauguzi juu ya kupanga uzazi.

Na kisha miezi sita? Anza kumupa uji muzuri, wenye karanga zilizotwangwa, mayai, kapenta, mboga, matunda. Lakini titi liendelee mpaka miaka miwili na zaidi. Ndiyo shauri la waganga wa dunia, na ndiyo desturi ya nkambo zetu. Hapo walituzidi akili.

NENO KWA WATU WA NYUMBA

Wewe Tata wa mutoto: huna titi, lakini una mikono. Chota maji. Washa moto. Mubebe mutoto kisha kula, atoe hewa. Mupe bibi yako maji ya kunywa wakati ananyonyesha, na chakula cha kutosha: bukari na sombe, maharagi, matembele, samaki ukipata. Hapana chakula cha ajabu kinachoagizwa kutoka mbali. Na musimudanganye kwamba pombe inaleta maziwa. Haileti, na inamudhuru mutoto. Zaidi ya yote, usimuambie, “Wenzako wanaweza, wewe juu ya nini?” Neno lile linaziba maziwa, kwa maana mama mwenye hofu na huzuni yanakawia kumushukia.

Baba anayerudi kutoka shimo ao kiwanda: vua nguo za kazi inje, uoge, ndipo umukamate mutoto. Vumbi la udongo wa madini si la kuingia kitandani mwa muchanga. Mama anayeosha mawe ao kuchagua madini afanye vile vile, na asimupeleke mutoto mugongoni pale kazini. Kama ni lazima utoke, kamua maziwa katika kikombe kilichochemshwa, ufunike, uweke pahali pa baridi. Yanaweza kukaa karibu saa ine kama hakuna joto kali, na mulezi ampe kwa kikombe.

Na wewe unayefanya kazi ya mushahara, ujue haki yako. Sheria ya kazi ya inchi yetu ya 2002 inampa mama majuma 14 ya kupumzika juu ya uzazi, na kisha kurudi, nusu saa mara mbili kila siku ya kunyonyesha. Uombe kwa heshima, lakini uombe.

Wewe mama mukwe: heshima yako ni kubwa katika nyumba ile. Neno lako moja linaweza kumuinua binti ao kumuangusha. Mama mukwe wa usiku ule, baada ya kuona, alimwanga maji ya sukari inje yeye mwenyewe. Nilimuheshimu sana. Si rahisi kwa muzee kuacha alichofundishwa na mama yake.

Na sisi kanisa: tunajua kupika kwa kilio. Je, hatuwezi kupika kwa uzazi? Mama wawili wa kikundi cha wanawake, waliozaa na kunyonyesha vizuri, wamutembelee kila mama mupya siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. Wasilete mashauri mia. Walete maji, makala na subira.

BIBLIA HAIONI HAYA

Kama unafikiri jambo hili ni dogo, fungua Kutoka sura ya 2. Wakati Farao alitafuta kuua watoto wanaume wa Waebrania, Mungu alifanya nini kwa ajili ya Musa? Hakutuma jeshi. Alimurudisha mutoto kwenye titi la mama yake, na binti wa Farao mwenyewe akalipa mushahara wa kazi ile. Wokovu wa taifa zima ulipita pale, katika maziwa ya mama mumoja mwenye hofu.

Soma tena 1 Samweli sura ya 1. Hana alikuwa ametoa nadiri, na wakati wa kupanda kutoa zabihu ulifika. Lakini hakupanda. Alikaa nyumbani mpaka amuachishe mutoto. Na bwana yake Elkana, alikubali. Hakusema, “Unaacha kazi ya Mungu.” Alijua kwamba ile nayo ilikuwa kazi ya Mungu. Wanaume wa kanisa, tumusome Elkana vizuri.

Dada yule alikuja kanisani siku ya arobaini kumuonyesha mutoto. Mashavu yalikuwa yamejaa. Kijana, bwana yake, alinishika mukono, akacheka: “Pasta, ile makuta hukunipa.” Ni kweli, sikumupa. Ndiyo musaada mukubwa niliowahi kumunyima mutu, na si mimi niliyeujua; ni bibi yangu, aliyejifunza kwa machozi katika chumba kile cha hospitali mwaka 2006.

Mama kijana, kama usiku huu unasoma haya kwa mwanga wa mushumaa, na mutoto analia, na moyo wako unasema, “Sina”, usikate shauri usiku. Mulete karibu, tumbo kwa tumbo, ngoja kinywa kifunguke. Asubui umuite mama mumoja anayejua, ao uende kituo cha afya. Mungu aliyemuumba mutoto yule hakusahau chakula chake. Awabariki wewe na yeye.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Katika familia yetu, maziwa ya manjano ya siku za kwanza tuliyafanyia nini? Tutafanya nini sasa?

2. Ni mama gani katika mutaa wetu amezaa mwezi huu, na nani amekwenda kumuona?

3. Baba, ni kazi gani moja ya nyumba utakamata kwa siku arobaini?